Kuchagua Kinasa Sauti cha Mkononi: Hotuba kwa Wanaorekodi Masimulizi

Mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, na ninyi ndugu zangu mliojitolea kukusanya masimulizi ya wazee, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua kinasa sauti cha kawaida, cha kubeba mkononi, kwa ajili ya mtu ambaye si fundi mitambo wala hana mpango wa kuwa fundi. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu naamini kwamba kasoro nyingi tunazozisikia katika rekodi za masimulizi hazikuanzia siku ya mahojiano. Zilianzia siku kifaa kilipochaguliwa kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi badala ya kukisikiliza.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa anayerekodi mtu akizungumza, mambo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu: kifaa chenyewe kina utulivu kiasi gani ndani yake, na je, anayekitumia anaweza kujua kwa hakika, bila kubahatisha, kwamba sasa hivi kinarekodi. Mengine yana nafasi yake, nami nitayagusa, lakini yanakuja nyuma ya hayo.

Wengi wenu mtauliza, na ni haki yenu kuuliza, kwa nini mtu anunue kifaa kingine ilhali simu iliyo mfukoni inarekodi. Simu inafaa kwa kumbukumbu fupi, na iko siku itakuokoa utakapokutana na msimulizi bila kutarajia. Lakini simu iliundwa kwanza kwa mazungumzo ya simu, na kwa sababu hiyo mara nyingi huichuja sauti bila kukuuliza: hupunguza kile inachokidhania kuwa kelele, huinua sauti inayofifia, na katika kufanya hivyo humeza minong'ono, pumzi na miisho ya maneno, mambo ambayo kwa mkusanyaji wa masimulizi ni sehemu ya simulizi lenyewe. Isitoshe, simu hupigiwa. Wito ukiingia katikati ya mazungumzo, programu nyingi za kurekodi husimama, na mzee aliyekuwa amefika mahali pagumu pa habari yake huanza kuiangalia skrini badala ya kukuangalia wewe. Kifaa chenye kazi moja hukaa mezani, kikasahaulika, na kusahaulika huko ni msaada mkubwa kwa msimulizi.

Sasa nije kwenye utulivu wa kifaa. Kila kinasa sauti kina kelele yake ya ndani. Maikrofoni ndogo zilizojengwa ndani yake hutoa umeme hafifu sana, na amplifaya inayoukuza umeme huo huongeza mvumo wake yenyewe. Mvumo huo hausikiki katika ukumbi wenye muziki mkubwa. Husikika pale msimulizi anaponyamaza kutafuta jina, au anaposhusha sauti chumbani, ukiwa kama mvua nyepesi isiyokoma nyuma ya maneno. Chumba kitulivu huwa na kelele ya takriban desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mtu anayezungumza kwa kawaida, ukimpima kutoka umbali wa mita 1, hufikia kama desibeli 60. Sisi tunafanya kazi yetu katika nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili, na kifaa chenye mvumo mkubwa huila nafasi hiyo kutoka chini. La kusikitisha ni kwamba kipimo cha kelele ya ndani hakiandikwi mara nyingi kwenye boksi. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni masafa ya sampuli (sauti hupimwa mara ngapi kwa sekunde) na idadi ya biti (kila kipimo huandikwa kwa undani kiasi gani), namba ambazo kwa karibu kila kinasa kizuri cha leo zinatosha na kuzidi. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato: sharti kifaa kisikilizwe, na kisikilizwe mahali palipo kimya, kwa sababu dukani penye watu vifaa vyote husikika sawa.

Hata hivyo, kifaa kitulivu kikiwekwa mbali kitashindwa na kifaa cha wastani kilichowekwa karibu, na jambo hili nalisema kwa mkazo kwa kuwa linabadilisha kabisa namna ya kuchagua. Kila unapopunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maikrofoni, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupanda kwa takriban desibeli 6, huku mwangwi wa kuta, feni na magari ya nje vikibaki palepale vilipo. Kutoka mita 2 hadi sentimita 25 umbali umepunguzwa kwa nusu mara tatu, yaani umejipatia desibeli 18 bila kutumia chochote. Kwa hiyo, unapokishika kifaa, jiulize kitakaaje karibu na mzungumzaji bila kumkera. Je, kina tundu la skrubu chini yake? Vinasa vingi vina tundu la robo inchi, sawa na la kamera, ili kiweze kusimama kwenye miguu mitatu midogo. Je, ni kidogo kiasi cha kutomtisha mtu? Je, umbo lake linaruhusu kukielekeza kifuani au kidevuni, kando kidogo ya mdomo, ili pumzi ya herufi kama p na b isiigonge maikrofoni? Kifaa kinachohitaji kushikwa mkononi muda wote hakifai kwa mazungumzo marefu, kwani kila kidole kinaposogea juu ya plastiki, msuguano huo huingia kwenye rekodi kwa nguvu kuliko sauti ya mtu.

Katika vinasa vidogo, maikrofoni za ndani huwa za namna mbili kuu, nanyi mnapaswa kuzitambua. Ziko zinazosikia pande zote kwa usawa, na ziko zinazosikia zaidi upande zilikoelekezwa. Kwa mfano, Tascam DR-05X ina maikrofoni za namna ya kwanza, ilhali Zoom H1n ina maikrofoni mbili zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90, za namna ya pili. Za pande zote huvumilia zaidi upepo na mtikisiko, na zinafaa watu wanapoketi kuizunguka meza. Lakini huchukua chumba kizima, pamoja na mlango unaofungwa nyuma yako. Za upande mmoja husaidia kuacha nje baadhi ya kelele za nyuma, lakini mzungumzaji akihama kiti, sauti yake huhama naye. Kwa mahojiano ya mtu mmoja na mwingine katika chumba cha kawaida mimi huegemea za upande mmoja, ingawa siwezi kumlaumu anayechagua zile nyingine ikiwa kazi yake ni ya vikundi.

Nimesema jambo la pili ni uhakika wa kwamba kifaa kinarekodi, nalo naomba tulitazame kwa utulivu, maana ndilo linaloumiza watu. Mwaka 1898, Valdemar Poulsen wa Denmark alivumbua njia ya kunasa sauti kwa sumaku kwenye waya wa chuma. Mwaka 1951, Stefan Kudelski, akiwa Uswisi, alitengeneza kinasa chake cha kwanza cha kubebeka, na mwaka 1963 kampuni ya Philips ikaonyesha kaseti ndogo mjini Berlin. Mashine zile za kaseti zilikuwa na mapungufu mengi ya sauti, lakini zilikuwa na fadhila moja ambayo hatupaswi kuidharau: ungeweza kuiona kanda ikizunguka kupitia kidirisha. Kitufe cha kurekodi kilizama na kubaki kimezama. Hata kaseti yenyewe ilikuwa na vijino viwili vya plastiki nyuma yake, ambavyo ukivivunja hakuna mtu angeweza kurekodi juu ya kile kilichomo.

Katika vifaa vya kidijitali vielelezo hivyo vimetoweka, na mahali pake pameingia taa na michoro midogo ya skrini. Vinasa vingi vina desturi moja ambayo lazima muijue kabla ya kununua: ukibonyeza kitufe chekundu mara ya kwanza, kifaa hakianzi kurekodi, bali hujiweka tayari. Taa huwaka na kuzimika, mistari ya kiwango cha sauti hupanda na kushuka, kila kitu huonekana kuwa hai, lakini hakuna kinachohifadhiwa hadi ubonyeze mara ya pili na taa iwake bila kukatika. Hali hiyo ya kujiweka tayari ilikusudiwa kumsaidia mtumiaji apange kiwango kabla ya kuanza, na kwa fundi ni neema. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa mahojiano yake ya kwanza, ni mtego. Mtu amesikiliza saa nzima ya maisha ya mzee, akarudi nyumbani na kadi tupu, na huenda mzee yule asiweze kuyasimulia tena kwa namna ileile. Kwa hiyo natoa pendekezo langu bila kusita: ukipata vifaa viwili vinavyolingana kwa sauti, chukua kile kinachoanza kurekodi kwa kubonyeza mara moja, chenye taa nyekundu inayoonekana kutoka upande wa pili wa meza, na chenye namba za dakika zinazosogea na kusomeka bila miwani. Kiwe pia na swichi ya kufunga vitufe, ili kisizimwe kwa bahati mbaya kikiwa mfukoni au kinaposogezwa.

Hapo hapo niseme neno kuhusu urekodi unaojiwasha sauti inaposikika na kujizima kunapokuwa kimya. Kipengele hicho hukata silabi za mwanzo na hufuta ukimya wa msimulizi, ambao mara nyingi una maana. Kama kifaa kina kipengele hicho, hakikisha kinaweza kuzimwa, kisha kizime.

Kiwango cha kurekodi nacho kinastahili subira yetu. Katika mfumo wa kidijitali, sifuri ndiyo dari. Sauti ikivuka hapo hupasuka, na mpasuko huo haurekebishiki vizuri baadaye. Kwa mazungumzo, inatosha vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6, yaani chini ya hiyo sifuri, ili kicheko cha ghafla kipate pa kupandia. Vifaa vingi hutoa chaguo la kujipangia kiwango vyenyewe, na watu hulipenda kwa sababu halihitaji uamuzi. Tatizo lake ni kwamba mzungumzaji anaponyamaza, kifaa hudhani sauti imepungua, kikaikuza kelele ya chumba hadi feni ikasikika kama inakaribia, kisha neno linapoanza kikaishusha ghafla. Msikilizaji huchoka bila kujua kinachomchosha. Mimi napendelea kifaa chenye magurudumu au vitufe vya kiwango pembeni, vinavyoshikika bila kuingia kwenye menyu, pamoja na kizuizi kinachobana vilele vya ghafla tu. Miaka ya karibuni vimetoka vinasa vya biti 32 za nukta elea, kama vile Zoom F3 ya mwaka 2022, ambavyo havihitaji kupangiwa kiwango kabisa, kwani hunasa minong'ono na makelele katika faili moja na kukuachia upange baadaye kwenye kompyuta. Ni maendeleo ya kweli, nami nayakaribisha kwa mikono miwili. Ila eleweni mipaka yake: havipunguzi mwangwi wa chumba, havimsogezi mzungumzaji karibu, na faili zake ni kubwa kwa theluthi moja kuliko za biti 24.

Kuhusu muundo wa faili sitakawia. Rekodini kwa WAV, yaani muundo usiobana sauti, biti 24, kilohezi 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde). Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha, IASA, linapendekeza kiwango hicho kuwa cha chini kwa kazi ya uhifadhi, na hakuna sababu ya mkusanyaji wa masimulizi kwenda kilohezi 96 au 192, kwa kuwa sikio la binadamu huishia karibu na kilohezi 20 na maneno ya mtu hukaa chini zaidi ya hapo. Saa moja ya rekodi ya namna hiyo, kwa chaneli mbili, huchukua takriban gigabaiti 1, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba kama saa 30. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti 58 hivi kwa saa, na ndiyo maana inavutia. Lakini kilichotupwa wakati wa kubana sauti hakirudi, wakati nakala ndogo ya MP3 unaweza kuitengeneza siku yoyote kutokana na WAV. Epukeni kinasa kinachohifadhi kwa muundo wa kampuni peke yake unaohitaji programu maalumu kufunguliwa, na epukeni zaidi kile kisicho na njia ya kutoa faili kwenda kwenye kompyuta.

Betri na kadi huonekana kuwa mambo madogo mpaka siku zinapokwisha. Kifaa kinachotumia betri za kawaida za AA au AAA kinaweza kufufuliwa ndani ya dakika moja popote zinapopatikana. Kifaa chenye betri ya ndani ni chepesi na nadhifu, lakini betri hiyo huzeeka, na siku ikichoka kifaa kizima huwa mgonjwa. Napendelea betri za kubadilisha, kwa kazi ya nje hasa. Mkitumia zile za kuchajiwa, kumbukeni kwamba hutoa volti 1.2 badala ya 1.5 za zile za kutupa. Vinasa vingi vina mahali pa kutaja aina ya betri, na msipotaja, alama ya betri kwenye skrini itawadanganya. Ulizeni pia ni nini hutokea umeme ukikatika katikati ya rekodi. Faili ya WAV hukamilishwa inapofungwa, kwa hiyo kifaa kisichohifadhi kidogo kidogo kinaweza kukuachia faili isiyofunguka. Na kadi za kumbukumbu zinunuliwe kwa mtu anayeaminika, kwani ziko kadi bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo; hupokea faili mpaka nafasi halisi ijae, kisha zinazofuata huharibika kimyakimya. Njia ya kuigundua ni kuijaza kadi mpya yote na kuzifungua faili zake kabla ya kuitumia kazini.

Tundu la hedifoni ni la lazima, na liwe linakuwezesha kusikiliza wakati unarekodi, si baada tu. Vinasa vya bei ya chini vya ofisini mara nyingine havitoi nafasi hiyo. Masikio yaliyozibwa na hedifoni husikia jokofu linalonguruma na bangili inayogonga meza, vitu ambavyo sikio tupu limekwisha kuvizoea. Tundu la maikrofoni ya nje nalo ni muhimu kwa anayetarajia kukua katika kazi hii, kwa kuwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo huleta ule ukaribu niliousema kuliko njia nyingine yoyote. Angalieni tu ncha ya waya: maikrofoni zilizotengenezwa kwa ajili ya simu huwa na pete tatu nyeusi kwenye ncha, wakati tundu la kinasa hutarajia ncha yenye pete mbili, na zikichanganywa huenda usisikie chochote au ukasikia mkoromo. Matundu makubwa ya XLR, yaani ya maikrofoni za kitaalamu, yenye umeme wa volti 48 ni mazuri, lakini huongeza uzito na vitufe. Mwenye kurekodi mtu mmoja sebuleni hayahitaji.

Kwa wanaorekodi nje, hakuna mpangilio wa menyu unaomaliza upepo. Kichujio cha sauti za chini husaidia kidogo tu. Kinachosaidia ni kifuniko cha manyoya cha kuvisha maikrofoni, kwa hiyo hakikisheni kipo kinachoenea kifaa mlichokichagua. Sponji nyembamba inayokuja ndani ya boksi hutosha kwa pumzi ya mtu, haitoshi kwa upepo wa uwanjani.

Kifaa kilichokwisha kutumiwa kisidharauliwe. Kinasa kizuri cha miaka kumi iliyopita bado kina sauti safi, mradi tundu zake hazijalegea, gurudumu la kiwango halichakarishi, na mlango wa betri unafunga vizuri.

Namna ya kujaribu ni hii. Nendeni na betri, kadi na hedifoni zenu. Ombeni chumba kimya, hata stoo. Ondoeni kujipanga kwa kiwango, wekeni kifaa mezani kwa umbali wa sentimita 30, semeni maneno machache kwa sauti ya kawaida huku mkipanga kiwango mpaka vilele vifike -12, kisha nyamazeni kwa nusu dakika bila kugusa chochote, na mmalizie kwa kunong'ona. Fanyeni hivyohivyo kwa kifaa cha pili. Mnaposikiliza, ipeni nafasi ile nusu dakika ya ukimya, kwa sababu humo ndimo kifaa kinapojitangaza. Na ule mnong'ono, mkiuelewa neno kwa neno, mmepata kifaa kinachofaa. Halafu mpeni kifaa mtu ambaye hajawahi kukiona, mwombeni arekodi dakika moja na kuisikiliza, nanyi msimwelekeze. Pale atakapokwama ndipo nanyi mtakapokwama siku mtakayokuwa na haraka.

Mkishanunua, pangeni tarehe na saa siku hiyohiyo, maana kwenye vifaa vingi ndivyo faili zinavyopewa majina, na rekodini saa nzima nyumbani kabla ya kumwendea mtu yeyote. Faili hiyo ikifunguka kwenye kompyuta, ikiwa na tarehe sahihi na ikisikika vizuri tangu neno la kwanza hadi la mwisho, inakilini mahali pawili, futeni kadi, mkafungue orodha ya wazee wenu na kupanga siku ya kuonana na wa kwanza. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nakaribisha maswali.